Moto Chini, Baridi Juu

Ndui iliondoka Afrika Mashariki karibu bila msaada wa jokofu. Ndiyo habari ninayoanza nayo kila ninapozungumza na vijana wanaoingia katika ufundi wa majokofu ya chanjo, maana wengi wao hudhani chanjo na ubaridi vilizaliwa siku moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Leslie Collier wa Taasisi ya Lister huko Uingereza alipata njia ya kuikausha chanjo ya ndui ikiwa imegandishwa, ikabaki unga ndani ya kichupa. Unga huo ulivumilia joto la nyuzi 37 za Selsiasi kwa mwezi mzima. Mchanjaji aliutia mkobani, akapanda baiskeli, akafika kijiji cha mwisho, akauchanganya huko huko na kuchanja kwa sindano ya ncha mbili. Hakubeba barafu.

Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Alipona. Baadaye alijiunga na kampeni ya polio, akiwasihi wazazi wasikatae kama yeye alivyoikwepa chanjo ya ndui ujanani, na alifariki kwa malaria Julai 2013 akiwa bado katika kazi hiyo. Namtaja kwa heshima, na pia kwa sababu maisha yake yamegusa zama zote mbili za kazi yetu. Matone ya polio si unga wa ndui. Katika bohari ya taifa hukaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na kuanzia hapo ubaridi haupaswi kukatika mpaka mdomoni mwa mtoto.

Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupanua chanjo kwa magonjwa sita: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Tanzania ilianza mpango wake mwaka uliofuata. Fikirini wakati wenyewe. Watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, zahanati zinapandishwa kuta za matofali ya kuchoma, redio miaka miwili nyuma ilikuwa imewafundisha wananchi usafi kupitia kampeni ya Mtu ni Afya. Nia ilikuwepo, na watu walikuwepo. Umeme haukuwepo. Zahanati nyingi za vijijini hazikuwa na hata waya mmoja, na masika yakianza hazikuwa na barabara. Ndani ya hali hiyo ilipaswa kupelekwa chanjo ya surua ambayo, ikishachanganywa na maji yake, ina saa sita tu kabla ya kumwagwa.

Historia ya chanjo nchini mwetu huandikwa kwa sindano, kadi za kliniki na picha za viongozi wakimdondoshea mtoto matone. Mimi niliyefanya kazi mkoani Lindi tangu miaka ya 1980 naiona kwa mafuta ya taa.

Jokofu la mafuta ya taa lilikuwa chombo cha ajabu kwa aliyeliona mara ya kwanza. Unawasha moto chini, juu panakuwa baridi. Wazee wa vijijini waliniuliza siri yake, nami nilipenda kuwaeleza hadi waelewe. Ubunifu wenyewe ulitoka Stockholm mwaka 1922, kwa wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi, Baltzar von Platen na Carl Munters, na kampuni ya Electrolux ikauchukua miaka michache baadaye. Hakuna mota wala kompresa. Ndani ya mabomba yaliyozibwa daima kuna maji, amonia na haidrojeni. Moto huichemsha amonia itoke majini, mvuke wake hupanda, hupoa nyuma ya jokofu na kuwa kimiminika, kisha huingia kwenye mabomba ya chumba cha juu ambako hukutana na haidrojeni na kuvukiza tena. Katika kuvukiza hunyonya joto la chumba. Halafu maji huimeza amonia upya, hushuka nayo, na mzunguko unaanza tena. Kazi yote inafanywa na moto mdogo wa utambi na uzito wa maji yanayoteremka.

Ndiyo maana lilikuwa na masharti. Lisipokaa sawa sakafuni, maji hayateremki, kwa hiyo chombo cha kwanza ndani ya mfuko wangu kilikuwa pima maji ya seremala. Sakafu za zahanati zetu zilikuwa na mabonde, tukawa tunakata vipande vya mbao na kuvisukuma chini ya miguu ya jokofu mpaka povu litulie katikati. Moto ulipaswa kuwa wa buluu. Ukiona njano, ujue utambi umekatwa vibaya au mafuta yana maji, na masizi yameanza kujaa ndani ya dohani. Masizi yakijaa joto halipandi, na chumba cha juu kinakuwa kabati la kawaida. Likikataa kabisa, fundi alikuwa na dawa moja ya mwisho: kulitoa nje, kulipindua kichwa chini miguu juu, na kuliacha hivyo usiku kucha ili vimiminika vilivyokwama virudi mahali pake. Mara nyingi liliamka. Muuguzi aliyenikuta nimelipindua jokofu lake uani alidhani nimechanganyikiwa. Kesho yake jioni alinipikia wali kwa nazi.

Lakini fundi alifika mara chache, labda mara moja katika robo ya mwaka, na wakati wa mvua hakufika kabisa. Aliyelifanya jokofu lipoe siku zote alikuwa muuguzi au mhudumu wa zahanati. Yeye ndiye aliyejaza tangi, akapunguza utambi kwa mkasi, akasafisha dohani, akapandisha au kushusha moto kwa kidole na jicho, kwa kuwa kifaa hicho hakikuwa na kirekebisha joto cha kutegemewa. Kila asubuhi na kila jioni, hata Jumapili, hata sikukuu, alifungua mlango, akasoma kipimajoto na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Safu thelathini na moja, mistari miwili, nukta mbili kwa siku. Nukta ikae kati ya 2 na 8. Pembeni palikuwa na nafasi ya maelezo, na humo waliandika kwa ufupi: mafuta yamekwisha, utambi umebadilishwa, fundi amefika.

Mafuta yamekwisha ndiyo maneno yaliyojirudia kuliko yote. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta duniani ikiwa imepanda, nchi ilikaa miaka mingi katika uhaba. Kijijini mafuta ya taa yalikuwa ndiyo taa, ndiyo mwanga wa mtoto kusomea na wa mkunga kuzalishia. Fikiria sasa dumu la mafuta limekaa chini ya jokofu ambalo huwaka mchana na usiku, na mwenye ufunguo wake anaishi nyumba ya pili katika giza, mshahara wake haujafika. Palikuwa na walioiba. Palikuwa na wengi zaidi ambao hawakugusa hata kijiko, na hao hawajaandikwa popote. Kuna mama mmoja mhudumu wa zahanati, simtaji jina, ambaye serikali ya kijiji chake ilipokosa mafuta alienda kwa wenye maduka mmoja baada ya mwingine akiomba chupa moja moja, akiwaambia wazi kwamba ni watoto wao ndio watakaougua surua. Karatasi yake ya mwezi ule haina nukta hata moja iliyovuka mstari wa juu.

Chanjo ilitufikiaje? Kwa ndege mpaka Dar es Salaam, ikalala katika bohari kuu ya taifa, kisha ikapelekwa mikoani, kutoka mkoani kwenda wilayani, na kutoka wilayani kwenda kituoni. Kwa mikoa ya Lindi na Mtwara kikwazo kilikuwa Mto Rufiji. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari la kusini lilivuka kwa pantoni. Mto ukijaa pantoni ilisimama, na foleni ya malori na mabasi ikalala ukingoni. Sanduku baridi zuri la safari ndefu limetengenezwa kustahimili saa 96 katika joto la nyuzi 43, mradi usilifungue. Tulijua hesabu hiyo kwa moyo. Abiria walihesabu siku za safari, sisi tulihesabu saa za barafu. Katika mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 barabara ilikatika vipande vipande, na hesabu hiyo ikawa haina maana. Ilibidi kusubiri ndege au meli.

Kutoka wilayani kwenda vijijini, hasa Liwale na pembe za Nachingwea, chanjo ilienda kwa pikipiki, kwa baiskeli na kwa miguu, ndani ya kibebeo chenye pakiti nne za barafu na sponji juu ya kushikilia vichupa vilivyofunguliwa. Hizo ndizo huduma za mkoba. Na hapa niseme jambo ambalo bado linaniuma. Kichupa cha surua kina dozi kumi, na kikishachanganywa hakilali. Kwa hiyo muuguzi aliyeogopa kulaumiwa kwa upotevu alimwambia mama mwenye mtoto mmoja arudi siku ya kliniki, watoto wakitimia. Mama huyo ametembea tangu alfajiri. Wengine hawakurudi. Mwongozo wa kimataifa unasema kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na mimi nasimama upande huo moja kwa moja. Dozi tisa zilizomwagwa ni hasara inayoandikika kwenye daftari. Mtoto asiyerudi haonekani kwenye daftari lolote mpaka surua iingie kijijini.

Kwa miaka yote hiyo tulifundishwa kuogopa joto. Mabango, semina, vitabu vya wakufunzi, vyote vilisema joto ndilo adui. Matokeo yake kila mtu aliongeza baridi. Ijumaa jioni moto wa jokofu ulipandishwa ili Jumatatu isije na balaa. Pakiti za barafu zilitolewa kwenye friza zikiwa kavu kama jiwe na kutumbukizwa moja kwa moja kwenye kibebeo, zimeshikana na vichupa. Nasi mafundi tulisifiwa kwa jokofu lililogandisha maji upesi.

Kumbe baridi nayo inaua. Chanjo ya kifaduro, dondakoo na pepopunda, na ile ya homa ya ini B iliyoingizwa kwetu mwaka 2002, zina chumvi ya alumini inayosaidia mwili kuitambua chanjo. Zikiganda, chumvi hiyo hujikusanya mabonge, nguvu hupotea, na kuziyeyusha hakuirudishi. Mabaya yake hayaonekani kirahisi. Kichupa kilichoungua kwa ubaridi usiku, asubuhi kinaonekana kizima. Lipo jaribio la kutikisa: unachukua kichupa kimoja cha toleo lile lile, unakigandisha kwa makusudi na kukiyeyusha, kisha unakitikisa pamoja na kile unachokitilia shaka na kuviweka mezani. Unatazama kwa nusu saa. Kilichoganda hutuama haraka, maji yanabaki meupe juu na vumbi zito chini. Cha pili kikituama vivyo hivyo, ni cha kutupwa. Nimeona chumba kizima cha wauguzi kikinyamaza wakati vumbi linashuka katika vichupa vyote viwili kwa mwendo mmoja.

Mwaka 2007 watafiti waliokusanya tafiti za nchi mbalimbali walionyesha kwamba kati ya asilimia 14 na 35 ya majokofu au mizigo ya chanjo iliyochunguzwa ilikuwa imefikia ubaridi wa kugandisha. Sikushangaa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kurudia karatasi za zamani zilizokuwa zimefungwa kwa kamba katika stoo ya wilaya. Nukta zilikuwepo. Alfajiri ya mwezi Juni na Julai, 1, sifuri, moja chini ya sifuri, zimeandikwa kwa mwandiko safi na wauguzi ambao hawakuficha kitu. Wasimamizi walizipitia karatasi zile zile, wakatia saini, kwa kuwa walitafuta nukta zilizopanda juu ya 8. Hata ile alama nzuri ya kichupa, mraba mweupe ndani ya duara jeusi kidogo unaozidi kuwa mweusi kadiri joto linavyokusanyika, iliyoanza kwa matone ya polio mwaka 1996, inaona joto peke yake. Kuganda haikuoni. Ilituokolea chanjo nyingi mno, nami naishukuru, ila ilizidi kuyaelekeza macho ya watu upande mmoja.

Dawa ya kuganda ilikuwa subira. Pakiti za barafu zitandazwe mezani, zisirundikwe, zikae mpaka ukiitikisa moja sikioni usikie maji yakicheza ndani. Katika joto la Lindi hilo huchukua muda kama wa kuchemsha maharage, dereva akipiga honi nje. Siku hizi vituo vingi hutumia pakiti za maji baridi yasiyoganda, na mzozo wa honi umepungua.

Bohari yenyewe ni somo jingine. Chumba cha ubaridi hujengwa ndani ya jengo, kwa mapande ya bati yenye povu zito katikati, yakiunganishwa kwa kulabu mpaka hewa isipite. Mlango lazima ufunguke kutoka ndani, kwa usalama wa mtunza bohari. Mashine za kupoza ziwe mbili, kila moja ikiweza kuubeba mzigo wote peke yake, zipokezane. Jenereta iwake bila kusubiri mtu. Kengele ya hatari isikike kwa mlinzi, kwani umeme hupenda kukatika saa tisa usiku. Rafu zisiguse ukuta, na mbele ya feni pasiwekwe chanjo inayoogopa kuganda, maana hapo ndipo pa baridi kuliko pote. Kabla ya sanduku la kwanza kuingia, vipimajoto hutegwa kila pembe, juu na chini, kwa siku kadhaa, ili ijulikane chumba kina tabia gani. Mtunza bohari huvaa koti zito katikati ya jiji la Dar es Salaam, hutoka kwenye nyuzi 5 na kukutana na jua la mchana mlangoni. Ni kazi inayochosha viungo na haina sifa.

Mzigo ulipobadilika, vyumba vilionekana vidogo ghafla. Chanjo za mwanzo zilikuja katika vichupa vya dozi kumi au ishirini. Mwishoni mwa 2012 Tanzania ilizindua kwa pamoja chanjo ya nimonia na ile ya virusi vya rota dhidi ya kuhara, zote zikija kwa dozi moja moja, kila moja na kifungashio chake. Watoto walikuwa wale wale, lakini nafasi iliyotakiwa kwa kila mtoto iliongezeka mara kadhaa. Wilaya zilizokuwa na majokofu mawili zikahitaji manne, na mkoa ukahitaji chumba. Nasi mafundi tulikuwa tumeshajifunza upya, kwa kuwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliiondoa gesi ya zamani ya majokofu iliyokuwa inaharibu tabaka la ozoni, na mashine mpya hazikukubali mazoea ya zamani.

Vijijini mafuta ya taa yaliifuata njia hiyo hiyo ya kuondoka. Kwanza ikaja mitungi ya gesi, moto safi usio na masizi, ingawa mtungi ukiisha na gari la wilaya halipo, zahanati hurudi kule kule. Majokofu ya jua ya miaka ya 1980 yalitegemea betri, na betri zilikufa baada ya miaka michache au zikahamia kwenye redio ya mtu. Yaliyoleta mageuzi ni haya ya sasa yasiyo na betri. Jua la mchana linagandisha maji yaliyofungiwa ukutani mwa jokofu, na barafu hiyo ndiyo inayoshika ubaridi usiku na siku za mawingu. Shirika la Afya Duniani halipendekezi tena majokofu ya moto. Tangu 2016, mpango wa Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, wa kubadilisha vifaa umezisaidia nchi nyingi kuyapata ya jua, yetu ikiwemo. Wenzetu wa Beni na Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, walipeleka porini chanjo inayotaka nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, katika vyombo vinavyoishika baridi hiyo kwa siku kadhaa bila umeme, wakachanja watu zaidi ya 300,000. Mimi niliyezoea nyuzi 2 hadi 8 nawavulia kofia.

Tarehe 24 Julai 2021, dozi 1,058,400 za chanjo ya UVIKO-19 aina ya Janssen zilishuka Dar es Salaam. Magazeti yaliandika kuhusu ndege na hotuba. Hakuna aliyeuliza zingelala wapi usiku ule, kwa sababu mahali pa kulala palikuwepo, pamejengwa kidogo kidogo kwa karibu nusu karne.

Jokofu jipya lina kifaa kidogo cha kidijitali kinachoweka kumbukumbu za joto za siku thelathini chenyewe, kikipiga alama panapoganda na panapopata joto. Nakikubali, kinaona usiku, saa ambazo muuguzi amelala. Lakini kimeanza kuzitoa thamani karatasi za zamani machoni pa watu. Katika stoo moja nimekuta rundo la miaka ya 1980 limechukuliwa, na sokoni nikanunua karanga zilizofungwa ndani ya Machi ya mwaka ambao siwezi kuusoma, nukta zake bado zinaonekana. Zile ndizo kumbukumbu pekee zilizoandikwa na waliofanya kazi yenyewe, kwa mkono wao, siku ile ile. Naziomba ofisi za waganga wakuu wa wilaya zichague walau boksi moja kwa kila zahanati ya zamani, zilifunge dhidi ya mchwa, na kulikabidhi kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Maboksi ya zahanati tatu za Liwale ninayo nyumbani, yamepangwa kwa mwaka, na yeyote atakayetumwa kuyachukua atayakuta tayari.